CSR Racing 2: Boresha gari lako bila kumaliza dhahabu wala pesa ya mfukoni

Umeweka rangi mpya, umebadilisha rimu, gari linang'aa kuliko la mpinzani. Taa inawaka kijani, na jamaa anakuacha kwenye vumbi. Kama unacheza CSR Racing 2, gemu ya simu iliyotoka mwaka 2016, hali hii unaifahamu.

Tatizo ni kwamba wengi tunachanganya vitu viwili: kupendezesha gari na kuliongezea kasi.

Urembo hauongezi kasi

Rangi, rimu, rangi ya breki, namba ya gari na viti vya ndani ni vya kupendeza macho tu. Havipunguzi hata sekunde moja kwenye muda wako. Kama dhahabu ni kidogo, urembo usubiri.

Kasi inatoka wapi?

Kuna sehemu saba za kuboresha: injini, turbo, mfumo wa kuingiza hewa, nitro, bodi, tairi na giaboksi. Injini, turbo na hewa huongeza nguvu. Bodi hupunguza uzito. Giaboksi huharakisha kubadili gia. Tairi ndizo zinazoshika barabara.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukirundika nguvu kwenye injini huku tairi ni dhaifu, ukiondoka tairi zinazunguka bure na gari halisogei inavyotakiwa. Mbio zenyewe ni robo maili, kama mita 402, au nusu maili. Ukipoteza muda mwanzoni, kuurudisha ni kazi. Kwa hiyo panda kwa uwiano: ongeza nguvu, kisha tairi, kisha pima tena.

Kila sehemu ina hatua. Hadi hatua ya 5 unanunua kwa pesa za ndani ya gemu. Hatua ya 6 hainunuliwi hivyo. Vipuri vyake ni adimu, na mara nyingi hupatikana kwenye makasha au kama zawadi za mashindano.

Baada ya kununua, rekebisha

Gari likishaboreshwa, unaweza kurekebisha vitu vitatu: nitro, gia ya mwisho na upepo wa tairi. Nitro yenye nguvu nyingi huisha haraka, ya nguvu ndogo hudumu. Gia ya mwisho ukiivutia upande mmoja gari linachomoka haraka, upande mwingine linapata kasi kubwa mbele ya safari. Upepo wa tairi unabadilisha jinsi gari linavyoshika barabara.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, halafu tazama muda unaoonyeshwa na kipimo cha Dyno. Ukigusa vyote kwa pamoja, hutajua kipi kimekusaidia. Na usidanganywe na namba ya PP pekee. Magari mawili yenye PP sawa yanaweza kumaliza kwa muda tofauti.

Kumbuka pia kidole chako. Usipopiga resi vizuri wakati wa kuondoka na kubadili gia kwa wakati, gari la bei mbaya litashindwa na la kawaida.

Linda mfuko wako

Magari yamepangwa kwa madaraja matano. Gari la daraja la kwanza utaliacha nyuma muda si mrefu, hivyo usilimalizie dhahabu zote. Ukinunua kipuri na kuambiwa usubiri kifike, subiri. Dhahabu ya kuharakisha ndiyo inayoisha bila mtu kugundua, na ikiisha unashawishika kununua nyingine kwa pesa halisi.

Kama simu yako inashikwa na mtoto na ina kadi ya benki iliyounganishwa, ingia kwenye mipangilio ya duka la programu na uweke nenosiri kwa kila manunuzi. Ni kazi ya dakika moja. Kushindwa mbio kwenye gemu hakuumi kama kukuta salio la benki limepungua.