Mtoto mwenye mpira kichwani

Mdogo wako alizaliwa na kichwa maji. Hospitali wamemwekea mpira mwembamba chini ya ngozi, toka kichwani hadi tumboni, wa kupunguza maji hayo. Mama akienda sokoni, mlinzi ni wewe.

Kila asubuhi mpakate wima, mguse utosi taratibu. Akilia huvimba kidogo, usishtuke. Ila ametulia na bado umevimba, umekaza? Au ana homa, anatapikatapika, analala mno, macho yanaangalia chini tu mpaka weupe unaonekana juu? Huenda mpira umeziba au umeingia vijidudu. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Msingoje siku ya kliniki. Na bibi akileta dawa ya kupaka utosini, mkatalie kwa heshima.