Usanifu wa Bidhaa: Badilisha Kidogo, Okoa Mtaji Wako

Mteja amenunua mara moja, amelipa, ameshukuru, halafu hajarudi. Ukiona hivyo mara nyingi, wazo la kwanza huwa ni kushusha bei au kulipia matangazo. Njia zote mbili hula pesa haraka. Kabla ya kufika huko, hebu tuangalie bidhaa yenyewe. Huenda tatizo liko kwenye ukubwa wa chupa, kifuniko kinachovuja, au kiasi ambacho mteja hawezi kulipa kwa mara moja.

Katika makala haya tunaeleza usanifu wa bidhaa unavyoweza kusaidia biashara ndogo na biashara changa, na jinsi ya kuanza bila kutumia pesa nyingi.

Usanifu wa bidhaa ni nini?

Usanifu wa bidhaa, au dizaini kama wengi wetu tunavyosema, ni maamuzi yote kuhusu umbo, ukubwa, kifungashio, maelezo, namna ya kutumia na namna ya kulipia. Rangi na nembo zimo, lakini ni sehemu ndogo tu. Anayeuza mandazi stejini akiamua kuyafunga mawili mawili kwenye karatasi ili abiria ale akiwa ndani ya matatu, tayari amesanifu bidhaa.

Kampuni kubwa ikikosea hapa, inaweza kuvumilia hasara. Wewe ukinunua chupa za shilingi 30,000 kisha ugundue wateja wanataka ukubwa mwingine, mtaji wako umelala stoo na kodi ya duka haingoji.

Somo kutoka kwa jiko la makaa

Mfano mzuri uko jikoni kwetu. Jiko la makaa lenye udongo uliochomwa ndani, lile lililo pana juu na chini na jembamba kiunoni, lilibuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jiko la zamani lilikuwa la bati tupu, kwa hivyo joto lilipotea pembeni na makaa yaliisha upesi. Wasanifu walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo ndani, wakaliunganisha na jiko la bati lililokuwa limezoeleka hapa.

Majiko ya kwanza hayakuwa kamili. Udongo ulipasuka, na umbo la ndoo lenye kitako chembamba halikutulia vizuri. Fikiria mtu anasonga ugali kwenye jiko linaloyumba! Ndipo umbo likabadilishwa baada ya kuwasikiliza waliopika nalo.

Kwa mfanyabiashara mdogo, kuna mambo matatu ya kujifunza hapa:

- Halikumlazimisha mteja abadilishe mazoea. Makaa ni yale yale, sufuria ni zile zile.
- Lingeweza kutengenezwa hapa hapa. Mafundi wa jua kali walikata bati, wafinyanzi wakatengeneza udongo wa ndani. Hakukuwa na haja ya kiwanda kikubwa.
- Faida yake ilionekana mfukoni. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba hupunguza matumizi ya makaa kwa asilimia 30 hadi 50. Huhitaji tangazo refu kumweleza mtu kwamba gunia litadumu zaidi.

Sekta yetu ya malipo nayo ilijifunza kwa kujaribu. M-PESA ilipofanyiwa majaribio mwaka wa 2005, lengo lilikuwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Watu waliopewa huduma hiyo walianza kuitumia kutumiana pesa. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikowekwa mbele. Mteja alionyesha kazi ya bidhaa, na bidhaa ikafuata.

Tupige hesabu: mfano wa sabuni ya maji

Sasa tulete somo hili dukani. Tuseme unatengeneza sabuni ya maji. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako:

- Viungo vya lita 1: shilingi 35
- Chupa ya lita 1: shilingi 20
- Kibandiko: shilingi 5
- Jumla ya gharama: shilingi 60
- Bei ya kuuza: shilingi 100
- Faida: shilingi 40

Ukimwambia mteja arudi na chupa yake umjazie kwa shilingi 80, gharama yako ni viungo peke yake, shilingi 35. Faida yako inakuwa 45. Mteja ameokoa bob 20, wewe umeongeza 5, na sasa ana sababu ya kurudi kwako badala ya kwenda kwa jirani. Hujaboresha sabuni hata kidogo. Umebadilisha tu namna inavyomfikia mteja.

Ila hapa pia usikilize. Kama wateja wako wengi hulipwa kwa siku, hata 80 inaweza kuwa nyingi kwa mara moja. Jaribu kujaza nusu lita kwa shilingi 40. Uchumi wa kadogo umejengwa hivyo: mtu ananunua kinachotosha pesa aliyonayo leo.

Hatua tano za kuanza

1. Tazama kabla ya kuuliza. Ukimuuliza mteja kama bidhaa ni nzuri, atasema ni nzuri kwa heshima. Muombe akuonyeshe anavyoifungua, anavyoimimina na anapoiweka.

2. Chagua tatizo moja. Ukibadilisha chupa, bei na jina kwa wakati mmoja, hutajua ni kipi kilichosaidia.

3. Tengeneza sampuli chache. Ishirini zinatosha kuanza. Andika kibandiko kwa mkono ikibidi. Kuchapisha elfu moja kungoje.

4. Wauzie, usiwape bure. Cha bure husifiwa na kila mtu. Pesa inapotoka ndipo unapojua ukweli.

5. Pima kwa wiki nne. Pakua taarifa yako ya malipo uangalie mambo mawili: ni kiasi gani kinalipwa mara nyingi, na ni wangapi wamelipa zaidi ya mara moja. Kama malipo ya 40 yanajirudia kuliko ya 100, soko limekujibu.

Tahadhari kidogo kuhusu hatua ya tano. Kuwa na namba ya simu ya mteja si ruhusa ya kumtumia matangazo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, unahitaji idhini yake kwanza. Muulize tu, wengi watakubali wakijua ni ya nini.

Kabla ya kuchapisha kwa wingi

Sampuli ikikubalika, kagua sheria kabla ya kuweka oda kubwa. Sabuni na vyakula vilivyofungashwa vinahitaji alama ya ubora ya KEBS, na kibandiko kina maelezo yanayotakiwa. Ukiyajua mapema, hutachapisha mara mbili. Angalia pia kifungashio chenyewe. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea ilianza Agosti 28, 2017, na waliokuwa na stoki ya mifuko iliyochapishwa jina lao walibaki nayo mikononi.

Kama umebuni umbo jipya, unaweza kulisajili katika taasisi ya KIPI. Usajili wa usanifu wa viwandani hudumu miaka 5, na unaweza kuongezwa mara mbili, yaani miaka 15 kwa jumla. Usajili huo hulinda mwonekano wa bidhaa. Jina na nembo husajiliwa kivyake kama alama ya biashara.

Anza wiki hii

Chagua bidhaa moja unayouza sana. Waangalie wateja watatu wakiitumia, uandike kila wanapopata shida. Kisha fungua taarifa yako ya malipo ya mwezi uliopita na uhesabu waliorudi. Weka namba hiyo mahali utaiona. Mwezi ujao, baada ya kubadilisha jambo moja tu, hesabu tena.