Kwa nini vitabu havimtoshi msomi wa mitandao ya tarakilishi

MWANAFUNZI anayejiunga na kozi ya uzamili katika mitandao ya tarakilishi huenda akashangaa anapoambiwa kuwa hakuna kitabu cha kiada. Badala yake, hukabidhiwa orodha ndefu ya makala za utafiti, baadhi zikiwa za miaka ya themanini na nyingine za mwaka jana.

Wengi huzisoma kama walivyosoma vitabu katika shahada ya kwanza: kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, kalamu mkononi, wakinakili. Baada ya majuma machache huwa wamechoka na hawajui la kushika wala la kuacha. Shida yao si uvivu. Wamesahau kwamba makala ya utafiti ni dai, na dai huwekwa hadharani ili lipingwe.

Tatizo la msongamano wa data linaonyesha jambo hili vyema.

Mnamo Oktoba 1986, kasi ya kupitisha data kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ulikuwa yadi 400 pekee, na hakuna waya uliokuwa umekatika.

Kilichotokea ni kwamba tarakilishi zilizotuma data zilipokosa jibu kwa wakati zilidhani pakiti zimepotea, zikazituma upya. Kwa kufanya hivyo zilirefusha foleni ile ile iliyokuwa imechelewesha majibu. Aliyewahi kukwama katika barabara za Nairobi jioni ya mvua, kila dereva akijipenyeza mbele ya mwenzake, hahitaji maelezo zaidi.

Van Jacobson na Michael Karels walieleza dawa ya tatizo hilo mwaka wa 1988. Mtumaji aanze polepole, aongeze kasi kadiri majibu yanavyorejea, na apunguze mara moja pakiti inapopotea. Kanuni hiyo imo vitabuni hadi leo, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza huikariri akapita mtihani.

Msomi wa uzamili hana budi kwenda mbele na kuuliza: je, kupotea kwa pakiti kungali ishara ya kuaminika?

Bei ya kumbukumbu za tarakilishi ilipoteremka, watengenezaji wa ruta waliweka maghala makubwa ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri zamu. Pakiti zikawa hazipotei upesi, bali zinakaa foleni. Ndiyo sababu mazungumzo ya simu kupitia intaneti hukatikakatika mtu mwingine nyumbani anapopakia video. Mhandisi Jim Gettys alilivalia njuga suala hilo kuanzia 2010.

Mwaka wa 2016, wahandisi wa Google, Jacobson mwenyewe akiwa miongoni mwao, walitangaza mbinu iitwayo BBR. Mbinu hiyo haingoji pakiti ipotee. Hukadiria upana wa sehemu nyembamba zaidi ya njia pamoja na muda wa pakiti kwenda na jibu kurudi. Anayesoma makala hiyo peke yake ataamini kwamba kazi imekwisha.

Hata hivyo, mnamo 2017 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, walionyesha kuwa pale ambapo maghala ya ruta ni madogo, BBR husababisha upotevu mkubwa wa pakiti na kuwadhulumu wanaotumia mbinu za zamani. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walieleza mwaka wa 2019 jinsi mtiririko mmoja wa BBR unavyoweza kujitwalia sehemu kubwa ya njia hata unaposhindana na mingi. Google nayo imekuwa ikitoa matoleo mapya, na la tatu lilitangazwa 2023.

Kuhusu namna ya kusoma, Profesa S. Keshav aliandika mwaka wa 2007 mwongozo mfupi unaopendekeza mizunguko mitatu. Wa kwanza ni wa dakika chache: kichwa, ikisiri, utangulizi, vichwa vidogo na hitimisho. Wa pili huchukua muda wa saa moja hivi, na humtaka msomaji achunguze michoro na takwimu. Katika wa tatu, msomaji huijenga upya kazi yote akilini mwake, kana kwamba ndiye mtafiti. Si kila makala inayostahili mzunguko wa tatu. Nyingi, kusema kweli, hazistahili hata wa pili.

Njia iliyo bora zaidi ni kurudia majaribio yenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, wanafunzi wa kozi ya juu ya mitandao wamewahi kutakiwa kuchagua makala na kujaribu kupata matokeo yale yale. Programu ya Mininet, iliyoelezwa katika makala ya 2010, huunda mtandao mzima ndani ya kipakatalishi kimoja, na haina malipo. Mwanafunzi wa Eldoret anaweza kuitumia usiku wa leo.

Fauka ya hayo, kuna maswali yanayotuhusu moja kwa moja. Kenya ilianzisha kituo chake cha kubadilishana data, KIXP, mwaka wa 2000, kikafungwa kwa amri ya serikali na kufunguliwa tena 2002. Ilhali makala iliyotolewa 2014 na Arpit Gupta na wenzake, waliopima njia za data kutoka nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, iligundua kuwa data nyingi bado zilizunguka ng'ambo kabla ya kurejea barani. Sababu mojawapo ni kuwa baadhi ya kampuni hazikuwa zimeunganishwa katika vituo vya karibu, na nyingine zilikuwamo lakini hazikupeana data.

Je, hali ikoje sasa? Hiyo ni tasnifu tayari. Kipimo cha mwanzo hakihitaji maabara, kwani programu ya traceroute huonyesha ruta ambazo pakiti imepitia. Lakini mtafiti ajihadhari: baadhi ya ruta hazijibu, na anwani ya ruta haisemi kila mara mahali ilipo.