Maji ya Mwani: Mbolea au Kichocheo?

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii yafaa kukumbukwa kila tusikiapo sifa wanazomiminiwa wauzaji wa maji ya mwani, yanayoitwa "mbolea asilia" iwezayo kuchukua nafasi ya mbolea nyingine zote.

Kwamba mwani hufaa shambani si jambo la kubishaniwa. Katika visiwa vya Aran, nchini Ireland, wakulima walitandaza mwani na mchanga juu ya mwamba mtupu, mwaka baada ya mwaka, hata wakapata udongo wa kupandia viazi. Huko Bhavnagar, India, watafiti walibuni njia ya kusaga na kukamua mwani mbichi wa jamii ya Kappaphycus. Maji yake hunyunyiziwa mimea, na makapi hutoa karajinani, kitu kitumiwacho kugandishia vyakula. Mwani wa jamii hiyo umepandwa pia Unguja na Kwale. Ila kwetu sehemu kubwa ya mwani huanikwa juani na kuuzwa ukiwa mkavu, na maji hayo yakapotea bure.

Tatizo basi si mwani, bali jina. Mbolea, kwa maana tuliyoizoea, ni chakula cha mmea: naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Maji ya mwani yana potasiamu, lakini naitrojeni na fosforasi ni haba, tena huzimuliwa mno kabla ya kunyunyizwa. Nguvu yake yatokana hasa na vichocheo vya ukuaji, kama vile oksini na saitokinini, visaidiavyo mizizi kutanuka na mmea kustahimili shida. Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka wa 2019 iliviweka vichocheo vya mimea katika fungu lao, mbali na mbolea.

Je, haya ni mabishano ya wanaisimu tu? La hasha! Mkulima aliyeaminishwa kuwa amenunua mbolea ataacha samadi. Mahindi yake yatageuka manjano kuanzia majani ya chini, na msimu utampita.

Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kutofautisha samadi, mboji, mbolea na kichocheo. Lugha yetu inayo maneno hayo yote. Kilichobaki ni kuyatumia mahali pake. Mkulima naye atie samadi kwanza, ndipo anyunyize maji ya mwani.