Ndiva ya Umeme: Somo juu ya Betri ya Nyumbani

Somo letu la leo lahusu betri, yaani kile chombo kizito kikaacho pembeni mwa chumba, ambacho watu wengi wa milimani wamekizoea lakini hawakijui sawasawa. Nataka kueleza jinsi kinavyohifadhi umeme, umeme huo unatosha kazi gani, na kwa nini betri nyingi hufa mapema hali bado zina sura ya upya. Uwe na penseli na karatasi karibu, maana mbele kidogo tutapiga hesabu.

Najua ya kwamba siku hizi nyaya za TANESCO zimefika vijiji vingi vya Wilaya ya Same. Lakini nyumba za Wapare hazikujengwa kwa kufuata nguzo. Nyingine ziko mgongoni mwa mlima, nyingine ng'ambo ya korongo, na kuvuta waya hadi huko ni gharama. Hata mwenye waya hukaa gizani mti ukiuangukia wakati wa masika. Kwa hiyo paneli ya sola juu ya bati na betri ndani ya nyumba ni mambo ya kila siku, kuanzia Mbaga hadi Chome. Wala si sisi peke yetu. Huko Uingereza wako watu wakaao ndani ya mashua nyembamba, upana wake kama mita 2 tu, zinazopita katika mifereji iliyochimbwa zamani kwa ajili ya kusafirisha makaa ya mawe. (Usifikirie mifereji yetu ya kumwagilia, ile yao hupitisha chombo kizima.) Mtu wa mashua hana waya wa kumletea umeme akiwa safarini. Ana betri, ana paneli juu ya paa, ana injini ya kuchajia, na kila jioni hujiuliza swali lile lile aulizalo mama wa Vudee: je, umeme wa leo utafika asubuhi?

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Katika nchi ya Upare hakuna haja ya kutafuta mfano mbali, kwani wazee walikwisha kutuachia. Namaanisha ndiva. Kijito cha mlimani ni chembamba. Ukikifungulia shambani moja kwa moja maji hupotea njiani kabla ya kufika. Basi usiku watu huziba tundu la ndiva, maji ya mfereji hujaa polepole, na asubuhi huzibua, yakateremka kwa nguvu hadi mashambani kwa zamu. Ndivyo ilivyo kwa ndiva ya Manoo, ambayo maji yake hugawanywa baina ya watu wa Vudee na wa Bangalala. Betri ni ndiva ya namna hiyo, ila saa zake zimegeuzwa: hujazwa mchana jua likiwaka, hufunguliwa usiku.

Ukiushika mfano huo, yale maneno magumu ya mafundi yatakuwa mepesi. Volti ni kama urefu wa kimo cha ndiva juu ya shamba, yaani nguvu ya kusukuma. Ampea ni wingi wa maji yapitayo mferejini kwa wakati mmoja. Ampea-saa, ambazo huandikwa ubavuni mwa betri, ni ukubwa wa ndiva yenyewe. Betri iliyoandikwa volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, kwani 12 mara 100 ni 1,200. Taa ya wati 5 ikiwaka saa moja hula wati-saa 5. Hapo ndipo hesabu yote ilipo.

Lakini mfano una mpaka wake. Maji ya ndiva ni yale yale yaliyoingia, bali umeme haukai ndani ya betri kama maji. Fungua mawazo yako uione betri ya risasi, ile ya kawaida, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa aliyeitwa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani mna vyumba 6, kila kimoja chatoa volti 2 na kidogo, ndipo jumla inakuwa 12. Katika kila chumba mna bamba za risasi tupu na bamba za risasi iliyoungana na oksijeni, zote zimezama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Unapowasha taa, salfa ya ile asidi huhama na kushika kwenye bamba, ikafanya utando mweupe, na asidi hubaki nyepesi, karibu kama maji. Unapochaji, umeme wa paneli huurudisha utando ule katika maji, na asidi hupata ukali wake tena.

Angalia sana jambo hili la utando mweupe, kwa sababu ndilo liuwalo betri. Ukiwa mpya ni laini, na huyeyuka upesi ukichaji. Ukiachwa siku nyingi huwa mgumu kama chokaa, hauyeyuki tena, na sehemu ile ya bamba imekufa. Ni kama tope linalojaa ndani ya ndiva mwaka hata mwaka hata ndiva kubwa ikawa haibebi maji ya kutosha. Kwa ndiva watu huitana kwa msaragambo wakachota tope, kazi ikaisha. Kwa betri hakuna msaragambo. Iliyoganda imeganda.

Kwa hiyo kuna kanuni mbili, nazo zafungamana. Usiinywe betri ya risasi zaidi ya nusu. Na usiilaze njaa, yaani ikishashuka ijazwe tena pasipo kukawia. Betri ya ampea-saa 100 basi uihesabu kuwa ya 50 tu, sawa na wati-saa 600. Wengi huudhika wakisikia hivi, wakidhani wamepunjwa dukani. Hawakupunjwa. Ile nusu ya chini ni mtaji, na mfanyabiashara alaye mtaji hafiki mbali.

Haya, tushike penseli. Tuseme nyumbani mwako mna taa 3 za wati 5, nazo huwaka saa 5 tangu magharibi hadi watoto wamalize kusoma. Hizo ni wati-saa 75. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Simu mbili, kila moja wati-saa 15, ni 30 tena. Televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa 3 ni 60. Jumlisha: 195. Ongeza kama robo hivi kwa upotevu wa njiani, tupate 240. Gawa kwa 12, na jibu ni ampea-saa 20 kila siku. Kwa betri ya 100, ambayo tumekubaliana ni 50, una akiba ya siku 2 na nusu mbingu zikifunga.

Na mbingu za kwetu hufunga. Hapa ndipo mtu wa mjini Same na mtu wa mlimani wanapoachana. Same iko tambarare, upande wa mlima usiopata mvua nyingi, na jua lake si la kuuliza. Lakini panda hadi karibu na msitu wa Shengena, ambao kilele chake chafika mita 2,463, na utakuta ukungu umelala juu ya mabati mpaka saa nne au saa tano za asubuhi. Mwenye paneli tambarare aweza kuhesabu saa 5 za jua kamili kwa siku. Mlimani mimi ningehesabu 3, nikipata zaidi nishukuru. Paneli ya wati 120 katika jua zuri huingiza kama ampea 6 na nusu. Mara saa 3, ni ampea-saa 20 kasoro kidogo. Yaani yatosha kurudisha kile ulichokula jana, bila ziada. Kwa hiyo mlimani, kama una fedha ya kuongeza kitu kimoja tu, ongeza paneli kabla ya kuongeza betri. Ndiva kubwa yenye kijito chembamba haijai kamwe, na betri isiyojaa kamwe hugandamana.

Paneli yenyewe uielekeze kaskazini, iinamishwe kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi. Kivuli cha mgomba mmoja kinachoangukia kona yake hupunguza umeme zaidi kuliko udhanivyo. Mgomba hukua, kila baada ya miezi michache tazama juu.

Sasa tuseme juu ya pasi. Najua vijana hununua inveta, chombo kigeuzacho umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, na siku ya kwanza kabisa huchomeka pasi. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa hula wati-saa 500, na upotevu wa inveta juu yake. Shati la Jumapili limekula karibu akiba yote ya siku mbili! Pasi ya mkaa, jiko la kuni na birika la kawaida viendelee na kazi yao. Umeme wa betri ni wa mwanga, sauti na simu. Joto uliache kwa moto.

Tena inveta ina hila nyingine. Kile kisanduku kidogo kilicho kati ya paneli na betri, kiitwacho kontrola, huilinda betri isijazwe kupita kiasi na hukata taa betri ikishuka mno. Lakini inveta mara nyingi hufungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, ikakwepa ulinzi huo, nayo huendelea kunyonya mpaka volti 10 na nusu hivi. Hapo betri imekwisha kuumia. Hata kontrola yenyewe huchelewa kukata. Mlinzi wa kweli ni mwenye nyumba na mita yake ya volti. Pima asubuhi, kabla jua halijaishika paneli, na taa zote zimezimwa kwa saa kadhaa. Ukiona 12.7, imejaa. Ukiona 12.2, umefika nusu, jioni ya leo televisheni ipumzike. Ukiona 11.9, umekwisha kula mtaji. Wacha taa moja tu ya kusomea mpaka jua lirudi.

Wengine huuliza kama betri ya gari yafaa. Yafaa kwa muda, kama vile ndala zifaavyo kupandia mlima. Bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa zitoe nguvu nyingi kwa nukta chache za kuwasha injini kisha zijazwe papo hapo. Ukiinywesha taratibu usiku kucha, kila usiku, huchakaa upesi. Ziko pia betri mpya za lithiamu. Ni nyepesi, jambo ambalo apandishaye mzigo kwa bodaboda atalipenda, na waweza kutumia sehemu 8 kati ya 10 za umeme wake bila kuidhuru. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini hudumu kwa kujazwa na kunywewa maelfu ya mara, pale ambapo ya risasi hudumu mamia. Sharti tu kontrola iwe ya kuiafiki.

Limebaki jambo la hatari, na hapa naomba kina mama na kina baba wasikilize kwa makini. Betri ya risasi yenye vizibo huongezwa maji safi yaliyotoneshwa, yale yauzwayo kwa ajili ya betri. Si ya mtoni, si ya kisimani, wala si asidi. Asidi haipungui, kipunguacho ni maji. Dukani vitu hivyo viwili vyaweza kukaa rafu moja katika chupa zinazofanana, basi soma karatasi ya chupa kabla ya kulipa, wala usiihamishie asidi katika chupa ya soda, mtoto akaja kuinywa. Ikikurukia jichoni au mwilini, osha kwa maji mengi kwa muda mrefu, na kwa jicho nenda zahanati. Betri ikichajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo hulipuka. Kwa hiyo usichungulie ndani kwa kibiriti wala kibatari, na usiifungie kabatini. Iweke penye hewa, mbali na jiko, mahali ambapo watoto hawafiki.

Nayo iliyokufa usiivunje. Risasi ikiyeyushwa uani, moshi wake na vumbi lake huingia katika damu ya watoto na kudhuru akili zao, wala hakuna dalili ya mapema. Iuze nzima kwa wanunuzi wa betri chakavu.

Kwa vikundi vya kusikiliza, fanyeni hesabu hii kabla ya kukutana tena. Mwenye duka la Mamba ana betri ya risasi ya ampea-saa 100 na paneli ya wati 120. Huwasha taa 2 za wati 5 kwa saa 4, na wateja wake huchaji simu 12 kwa siku, kila moja wati-saa 15. Je, betri yake itamvusha siku 3 za ukungu? Na kama haitamvusha, apunguze simu ngapi? Andikeni jibu pamoja na njia mliyoifuata, nasi tutaanza nalo katika somo lijalo, ambalo litahusu unene wa nyaya na kazi ya fyuzi.