Flashi ya Stesheneri na Kompyuta ya Nyumbani

Anayeshuka kwenye basi pale Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, katika barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, hakosi kuziona stesheneri. Humo hupigwa chapa barua za maombi ya kazi, hutolewa nakala za vyeti vya kuzaliwa na hutengenezwa kadi za michango ya harusi. Ni huduma yenye manufaa makubwa, nasi hatuna nia ya kuisema vibaya. Lakini yatupasa kuiangalia ile flashi inayochomekwa humo asubuhi, kisha ikachomekwa katika kompyuta ya nyumbani jioni ya siku ile ile.

Kompyuta ya stesheneri hupokea flashi za watu wengi kwa siku. Moja tu ikiwa na kirusi, na kompyuta yenyewe ikiwa haina kinga, basi kila flashi ifuatayo huambukizwa. Mwenye flashi hufika nyumbani akakuta mafolda yake yamegeuka kuwa alama zenye kishale kidogo pembeni. Wengi hudhani kazi zao zimefutika. Mara nyingi hazikufutika. Kirusi kimezificha na kuweka mahali pake viungo bandia, na anayebofya kiungo hicho akitaraji kufungua kazi yake ndiye anayekifungulia kirusi mlango. Hivyo basi asibofye, wala asikimbilie kuifomati flashi, kwani hapo ndipo atakapoipoteza kazi kwa kweli. Aipeleke kwa fundi mwaminifu azifichue.

Sisi twaona ni busara familia iwe na flashi moja ya stesheneri tu, isiyo na kitu ila karatasi inayokwenda kuchapishwa, na ikirudi nyumbani ikaguliwe kabla haijafunguliwa. Aidha, mtu amwombe mhudumu aifute nakala iliyobaki dukani, maana cheti cha mtoto au wasia wa mzee kilichoachwa katika kompyuta ya watu ni siri ya nyumba iliyoachwa barazani.

Maradhi haya si mapya. Mwishoni mwa mwaka 2008 kilizuka kirusi kiitwacho Conficker, nacho kilienea duniani kwa njia kadhaa, flashi ikiwa mojawapo, kwani Windows za wakati ule zilikuwa na tabia ya kutaka kuendesha zenyewe programu iliyomo ndani ya flashi. Microsoft ilisambaza marekebisho ya kuizuia tabia hiyo mwaka 2011.

Kubwa zaidi lilikuja siku ya Ijumaa, Mei 12, 2017. Programu iitwayo WannaCry ilizifunga kwa ufunguo wa siri kazi zilizomo katika kompyuta zaidi ya 200,000, katika nchi zipatazo 150, na kudai kikomboleo cha dola 300 kwa kila moja. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. La kusikitisha ni kwamba dawa ilikwisha kutolewa tangu Machi mwaka ule ule. Walioiweka walisalimika.

Tunafahamu kwa nini watu huyazima marekebisho hayo: bando ni ghali, na marekebisho hulila. Hata hivyo, mwenye kompyuta atenge siku moja katika mwezi kwa kazi hiyo. Na anayenunua kompyuta ya mtumba aulize kwanza kama inapokea Windows 11, kwa kuwa huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025.

Ama kuhusu programu za wizi, hapa jambo linagusa dini moja kwa moja. Wapo wasemao kwamba mwenye mali ni tajiri wa Marekani, hatapungukiwa. Hoja hiyo hatuioni kuwa na uzito, kwani haki ya mtu haiondoki kwa utajiri wake. Tena tazama masharti ya wanaozigawa: kwanza uzime kinga ya kompyuta yako, ndipo programu ikubali kuingia. Mgeni anayekutaka umfunge mbwa na kuzima taa kabla hajaingia, amekuja kufanya nini? Na haja haipo, kwa sababu Windows huja na kinga yake, Defender, bila malipo ya ziada, na kwa kuandika barua ipo LibreOffice, ambayo ni halali na ya bure.

Yabaki mambo yasiyonunulika: picha za wazazi waliokwisha tangulia, hati za shamba, utafiti wa mtoto aliye chuoni. Haya yanakiliwe katika diski ya pembeni kila baada ya muda, na nakala ikikamilika diski ichomolewe na kuwekwa kabatini, kwa kuwa programu ya kudai kikomboleo huzifunga pia kazi zilizomo katika diski inayoikuta imechomekwa.