Simu Ikikataa Kuongea na Seva ya Mradi wa Maji

Siku hizi vipo vikundi vinavyowasha pampu ya maji kwa simu. Ndani ya kibanda cha pampu huwekwa rauta ya waifai na kompyuta ndogo, pengine ile aina ya Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Kompyuta hiyo ndiyo seva. Inapokea amri kutoka kwa simu, kisha inawasha au kuzima pampu. Ikiwa imepangwa hivyo, kazi yote hufanyika hapo hapo kibandani bila intaneti.

Shida huanza siku simu inapokataa. Mboga zinakauka, au tangi linafurika na pampu bado inanguruma. Watu wanaanza kulaumiana: ati fulani amebadilisha neno la siri, ati fulani ameharibu mashine. Mwingine anachukua sindano na kubonyeza kile kitundu cha rauta kinachofuta mipango yote. Hapo shida moja imekuwa tatu, na fundi lazima aitwe kwa pesa za kikundi.

Kwa hivyo, maji kwanza, simu baadaye. Nendeni kwenye swichi ya mkono, muwashe au mzime pampu, ndipo mtafute kosa mkiwa mmetulia. Kama pampu yenu haina swichi ya mkono, mwambieni fundi aiweke kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa tufuate njia ya amri. Inatoka kwa simu, inapita kwa rauta, inafika kwa seva, halafu kwa pampu. Kamba hukatikia pembamba. Kazi yetu ni kujua imekatikia wapi, hatua kwa hatua.

1. Jaribu simu ya pili. Simu moja ikikubali na nyingine ikatae, rauta na seva ni nzima. Kosa liko kwa simu iliyokataa. Zote zikikataa, ruka hadi hatua ya 3.

2. Angalia simu yenyewe. Je, imeshika waifai ya kibanda au ya jirani? Rauta nyingine hutoa waifai mbili, moja ya wenyeji na moja ya wageni. Ile ya wageni kwa kawaida hairuhusu simu kuiona seva. Pia, simu ikigundua kwamba waifai haina intaneti, yaweza kuiacha na kurudi kwa data bila kukuambia. Zima data kwa muda, na simu ikiuliza kama ibaki kwenye waifai hiyo, kubali. Kama kuna VPN, izime. Kwa iPhone, tangu mwaka 2020 programu huomba ruhusa ya kufikia mtandao wa karibu. Ukiikataa, programu haitaiona seva.

3. Angalia rauta na seva. Taa zinawaka? Waya umekaa vizuri? Kama stima imerudi sasa hivi, ngoja dakika kama 5, kwa sababu seva huchukua muda kuamka. Usiichomoe na kuichomeka ovyo. Kukatiwa umeme ghafla kunaweza kuharibu kadi inayohifadhi kumbukumbu zake.

4. Angalia anwani. Kila kifaa kwenye waifai hupewa anwani ya nambari, kwa mfano 192.168.1.50. Ni rauta inayozigawa, na ikizimika na kuwaka tena yaweza kuipa seva nambari mpya. Hapo simu inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, usome orodha ya vifaa vilivyoungana nayo. Ukiiona seva ina nambari mpya, tumia hiyo. Halafu iambie rauta iiwekee seva nambari moja ya kudumu, ili jambo hili lisirudi. Seva isipokuwemo kwenye orodha kabisa, basi imezimika, waya wake una kosa, au yenyewe haijashika waifai.

5. Andika anwani sawasawa. Seva nyingi za namna hii hufunguka kwa http, si https. Nyingine hutaka pia nambari ya mlango mwishoni. Kwa mfano, programu iitwayo Home Assistant kwa kawaida hutumia 8123, kwa hivyo utaandika http://192.168.1.50:8123.

Ukurasa ukifunguka lakini pampu isisikie amri, mtandao hauna kosa. Tafuteni kwenye nyaya za pampu, na kazi hiyo ya umeme mwachieni fundi.

Neno la mwisho ni kwa viongozi. Anwani ya seva na jina la waifai viandikwe kwenye kitabu cha kikundi. Maneno ya siri yaandikwe kando na kufungiwa pamoja na stakabadhi, watu wawili wakiwa na ufunguo. Maneno ya siri yaliyotoka kiwandani yabadilishwe. Mambo haya yakikaa kichwani mwa kijana mmoja, siku akienda Nairobi kutafuta kazi maji ya kijiji yanaenda naye.

Maswali ya kujadili kikundini:
– Simu zote zikikataa leo, nani anajua swichi ya mkono iko wapi?
– Anwani ya seva yetu imeandikwa wapi?
– Ni akina nani wawili, mama mmoja na kijana mmoja, watakaojifunza hatua hizi wiki hii?